Mafuta ya Kalamu

Mume wangu alikuwa akikusanya kalamu mbovu za wino, na kabla hujacheka, ujue mimi nilicheka kwanza. Wenzake walirudi kutoka Nachingwea na mabati, mapipa, matairi, mpaka vitanda vya chuma. Yeye alirudi na kifurushi. Nikakifungua kwa hamu nikitegemea kanga, nikakuta kalamu zimelazwa kwenye kitambaa kama dagaa, nyingine hazina vifuniko, nyingine nibu, zile ncha za kuandikia, zimepinda. Nikamwuliza, "Bwana wee, ndio mshahara huu?" Akacheka mpaka akakaa chini. Wakati ule alikuwa mtu wa kucheka.

Mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea yalikuwa yanafungwa. Wazungu wanaondoka, vitu vinamwagwa kwenye mashimo ya taka, na yeye, aliyekuwa kibarua wa bohari, alipita huko kabla havijachomwa moto. Kalamu nyingine alipewa mkononi, maana ikishakataa kunyonya wino Mzungu hana haja nayo tena. Tukahamia Ruangwa kwa mama yake, tukalima ufuta na mihogo, na kalamu zikapata makao yao dirishani, ndani ya kopo, wala hakuna aliyeruhusiwa kuligusa ila binti yetu.

Kutengeneza hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu, na aliharibu nyingi. Kalamu za aina ile zina kifuko cha mpira tumboni cha kunyonya wino, na mpira ukikaa sana unaoza, unakuwa kama ugali mkavu. Alikwangua yale mabaki kwa mwiba, akatia kipande cha mpira wa vali ya baiskeli, akagandisha kwa sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, aliyoiyeyusha kwenye spiriti. Nyumba nzima ikanuka. Nibu iliyopinda aliinyoosha juu ya mgongo wa kijiko, kijiko changu cha mchuzi, na nikisema, ananiambia, "Mama, vumilia, hii inaanza kuongea." Makarani na walimu wa shule wakawa wanamletea zao, wengine wanatoka mbali, upande wa Mbwemkuru.

Binti yetu ndiye alikuwa mjaribu. Alikuwa ameanza kung'oa meno ya utoto, ana pengo mbele, na akipewa kalamu anachora mistari mpaka karatasi ya sukari inajaa. Baba yake anamwuliza, "Inakwaruza?" Naye anatikisa kichwa kama bibi mzima, anasema, "Bado kidogo." Hakika mtoto yule alimpenda baba yake kuliko alivyonipenda mimi, na sikuona wivu.

Kulikuwa na kalamu moja nyeusi, nene, ambayo haikuwa na mpira ndani. Unaifungua katikati, unamimina wino humo humo kwenye tumbo lake. Tatizo lilikuwa penye hesi, pale inapofungwa: wino ulipenya ukapaka vidole. Alijaribu nta ya nyuki. Asubuhi ikawa ngumu, ikapasuka. Mwisho akakumbuka kopo alilookota kule kambi ya Wazungu, lisilo na karatasi, lenye mafuta meupe, laini, hayana harufu. Alidhani ni grisi ya mashine. Akapaka kidogo penye hesi, akafunga, akaining'iniza kalamu kwa uzi, nibu chini, wino wote uilemee hesi. Halikutoka hata tone. Siku hiyo alitembea nyumbani kwetu kifua mbele, utadhani ameoa mke wa pili.

Kalamu hiyo akampa zawadi mwalimu wa chuo, aliyewafundisha watoto wa pale kijijini Kurani na kuwaandikia wagonjwa kombe. Kombe ni maneno ya Kurani yanayoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha yanaoshwa kwa maji na mgonjwa anakunywa. Mwalimu alizoea kuchovya kijiti kila baada ya neno. Sasa akamimina maji ya zafarani ndani ya kalamu, akaandika sahani nzima bila kunyanyua mkono. Akamwombea mume wangu dua mbele ya watu. Loo, siku ile ungemwona!

Kisha binti yetu akaugua. Ilianza homa ya kawaida, tukampa dawa ya majani, ikashuka, ikapanda tena. Alfajiri moja nikamwinua nimpe uji, shingo yake ikakataa kukunjika. Macho yanakimbia mwanga. Nikamwambia baba yake, "Huyu ni wa hospitali. Lori lipo." Na kweli lori lilikuwepo, la mfanyabiashara wa ufuta, linapakia dukani tayari kwenda Nachingwea kulikokuwa na hospitali. Kutoka nyumbani nilikuwa nasikia magunia yakitupwa juu. Akasema, "Sawa, tunakwenda. Wacha kwanza mwalimu amwandikie, halafu tunaondoka." Sikukataa. Kombe nimekunywa mimi, amekunywa mama yangu, sina ugomvi nalo, na lori lilikuwa halijajaa.

Mwalimu akaja na kalamu ile nyeusi, akaandika, tukaosha, mtoto akanywa kwa shida, nusu ikamwagika kifuani. Nilikuwa nafunga kanga zake wakati shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipoingia kumtazama mgonjwa. Yeye kule Nachingwea alikuwa akiosha vyombo jikoni kwa Wazungu. Macho yake yakaangukia dirishani, kwenye kopo la mafuta lililokuwa wazi.

"Kaka, hili umelitoa wapi?"

"Kambini. Grisi hiyo."

"Grisi gani, kaka? Hayo ni mafuta ya nguruwe. Wakikaangia mayai yao."

Mama mkwe akapiga yowe moja mpaka majirani wakaja. Mwalimu aliitazama kalamu mkononi mwake, akaiweka chini taratibu. Na mimi nitakuwa nikisema jambo hili mpaka naingia kaburini, kwa sababu watu wamemsingizia yule mzee: mwalimu hakupandisha sauti. Alimwambia mume wangu, "Hukujua, na Mungu hamshiki asiyejua. Mtoto hana kosa. Vyombo nitawaambia namna ya kuviosha. Ninyi mpelekeni mgonjwa hospitali."

Mume wangu hakumsikia. Namwona mpaka leo, midomo imemkauka, anasema, "Siwezi kumpandisha mwanangu kwenye lori na najisi tumboni. Akifa njiani?" Nikamwambia, "Akifa hapa je?" Akanigeukia kama hanijui. Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaanza kumsukutua kinywa, maji yanamwingia puani, mtoto analia kile kilio cha mtu asiye na nguvu. Akadai sahani ioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama inavyopasa. Akadai kalamu nayo. Akataka kombe jingine liandikwe kwa kijiti, kwa zafarani mpya, na zafarani mpya ilibidi ikauliziwe nyumba kwa nyumba.

Nikatoka mbio mpaka dukani. Lori lilikuwa limejaa, wanafunga kamba. Nikamshika dereva shati, nikamwambia nina mgonjwa, nihurumie. Akaniambia, "Mlete basi, mama, nitakupa nafasi mbele." Nikarudi mbio. Jamani, nilimkuta mume wangu amechuchumaa uani, ameifungua ile kalamu vipande vipande, anaisugua kwa udongo. Udongo umejaa ndani ya nibu. Jasho linamtiririka. Mtoto yuko kwa bibi yake, kanga imelowa, anatetemeka.

"Lori linatungoja," nikamwambia.

"Nakuja. Hii bado haijatakata."

"Achana na kalamu!"

"Nakuja, mama, nakuja."

Nikampokonya mama mkwe mtoto. Akanishika kanga, akaniambia, "Mwanangu, mngoje mumeo, usitoke kwa hasira." Tukavutana pale mlangoni mbele ya majirani, mimi na mama yule ambaye hatukuwahi kukosana. Nilipochomoka, honi ilikuwa imelia zamani. Nikafika dukani nikakuta vumbi na wapagazi wakikung'uta magunia matupu. Mmoja akaniambia dereva alingoja kadiri alivyoweza, tajiri akawa mkali.

Kombe la pili liliandikwa adhuhuri. Mtoto hakuweza kulimeza. Hapo ndipo akili zilipomrudia mume wangu, akaazima baiskeli, nikakaa nyuma nimembeba mtoto mgongoni, tukaishika njia ya Nachingwea. Penye mchanga tulishuka, akasukuma. Mimi nilikuwa namsikia mtoto akiwaka kama jiko lililofunikwa, mpaka blauzi yangu imelowa jasho lake. Tulipokuwa tunapanda kilima kimoja nikahisi mgongo unapoa. Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, nikamwambia baba yake, "Homa imeshuka, kaza mwendo." Akakaza. Tukaenda hivyo kitambo, mimi na furaha yangu, mpaka tulipopumzika kivulini nikamfungua nimpe maji.

Tulimzika siku ya pili yake. Matangani hapakuwa na maneno mengine ila mafuta ya nguruwe, na aliyeyasema zaidi ni mume wangu mwenyewe. Kila aliyekuja kutupa pole alisimuliwa habari za kopo. Alijipiga kifua, alifunga saumu, alikwenda kwa mwalimu kutubu mpaka mwalimu akachoka kumwambia kwamba hana dhambi ya asichokijua. Watu walimwonea huruma. Wengine walimkimbia, wasimletee tena kalamu zao, na ile nyeusi haikuandika tena. Mimi nilikaa ndani nikiwasikiliza. Ndugu yangu, nilitamani kupiga kelele. Mafuta! Kiasi cha kupaka ukucha!

Ilipofika Idi, asubuhi, watu wanapotakana radhi, alinifuata jikoni na kanzu yake. Akapiga magoti, mwanamume mzima, kwenye majivu. Nikasema moyoni, leo atalitaja lile lori. Nikaacha mwiko, nikamngoja.

"Mama," akasema, "nisamehe yale mafuta."

Nikamtazama. Nilingoja aendelee. Akawa analia, ananingoja mimi. Nikaona kwamba mtu huyu amepata mzigo anaoweza kuubeba, na ule mwingine hataugusa kamwe, na mimi ndiye nitakayekaa nao humu ndani tukila sahani moja.

"Mafuta nimekusamehe," nikamwambia.

Akashusha pumzi, akanishukuru, akaenda kuswali.