Kikombe cha Kwanza cha Mama Mkwe

Nakumbuka Jumamosi moja ya Agosti, miaka ile ya hamsini, manyunyu yakianguka Nakuru tangu alfajiri. Nilikuwa bibi arusi mpya katika nyumba za reli, na mama mkwe alikuwa ameshuka treni kutoka kwetu magharibi, kuja kuniona nyumbani kwangu mara ya kwanza. Kwetu, mwanangu, mama mkwe akikataa maji yako ya kwanza, amekukataa wewe.

Nikapiga magoti, nikampa kikombe cha maji ya bomba. Akaonja, akayazungusha mdomoni, akaweka kikombe chini. Kimya. Na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jirani yangu, Mama Nekesa, alikuwa mlangoni. Akaninong'oneza, "Wee, funga virago, treni ya kurudi ni kesho!" Nisimwonee: ndiye aliyeniazima kikombe chenyewe, na nadhani alitaka nicheke. Sikucheka.

Mume wangu, aliyekuwa mchochea makaa kwenye treni, alikuwa ameleta kutoka upande wa Molo chupa ya maji ya chemchemi, akasema ni ya mama. Mimi niliionea haya. Nani humpa mgeni maji ya chupa, kama mgonjwa? Lakini sasa sikuwa na lingine. Nikang'oa kizibo, nikammiminia katika kikombe kingine.

Akanywa taratibu, macho ameyafumba. "Haya yamepita kwenye mawe," akasema. "Kwanza ni baridi tupu, halafu utamu unakuja nyuma, kama mgeni mwenye haya." Akamaliza.

"Na yale ya kwanza, mama?" nikathubutu.

"Yana magadi. Nilikuwa nawaza ni ladha gani hiyo naijua. Kumbe ulidhani nimekukataa? Mtoto wa mwenyewe! Una maji ya kulainisha mboga bila kuchoma maganda ya maharagwe upate majivu, nawe unataka kulia?"

Akarudia kikombe cha kwanza, akakimaliza pia. Nikaketi sakafuni karibu naye.

Shule yangu ni ndogo, labda naeleza vibaya. Lakini, mwanangu, maji usiyagugumie tu. Yaache ulimini yakueleze yalikotoka. Na mtu akikuonja akanyamaza, muulize kabla hujajihukumu. Kuuliza si ujinga. Mungu akujalie maji matamu, na watu wa kuyanywa pamoja nao.

Jioni ile tulikula ugali na mboga ya mrenda iliyopikwa kwa maji ya bomba, laini ajabu. Mama mkwe akaomba aongezwe.