Samli ya Kulwa na Doto

Ilikuwa mwaka 2019. Hapana, ni 2021, maana 2019 Kulwa alikuwa bado mzima. Mzee Ngeleja wa Sapiwi alikuwa na mapacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, na kwao pacha hapunjwi. Aliwagawia maziwa sawa na samli sawa mpaka wakawa watu wazima, wanene wote wawili. Kulwa alipoambiwa ana kisukari na apunguze kula, mzee alicheka.

“Mwangalie Doto! Unene uleule, na magunia ya pamba anabeba. Kula, baba, usijitie magonjwa ya mjini.”

Kulwa akala, akafa. Nesi mmoja kutoka hospitali ya Somanda alikuja kutoa pole, akamweleza taratibu.

“Babu, mafuta ya mwili yanatengeneza homoni na protini, yanazituma kwenye damu. Ya mwanamke kwa kawaida yanatoa zaidi ile protini inayosaidia kuzuia kisukari. Ya mwanaume, hasa ya kitambi, yanatoa kidogo.”

Ngeleja akamuuliza nesi, akamuuliza na Doto aliyekuwa analia:

“Ningempa kidogo kuliko dada yake, Kulwa angejua kwamba nampenda?”