Buli Dogo Kutoka Burma

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Burma na kisanduku cha mbao. Alishuka garimoshi Same, akapanda mlima kwa miguu na kisanduku begani, na alipofika nyumbani ndugu zake walikuwa wameshajaa uani, kila mmoja akidai amepita tu kusalimia. Kikafunguliwa. Ndani mlikuwa na koti alilopewa na Mwingereza, blanketi, kibati cha majani ya chai, na buli la udongo lililoenea katika kiganja changu. Shemeji yangu alilichukua lile buli, akalitazama juu na chini, akauliza mama yake yuko wapi. Watu wakacheka. Mume wangu akalipokea kwa mikono miwili na kuliweka rafuni, juu kabisa, mahali ambapo mimi sikufika bila kigoda.

Mimi sikucheka. Mimi ni mfinyanzi, na nilikuwa nimeshaiona kazi yenyewe. Ukuta wake ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, rangi yake ya ini, halina nakshi yoyote. Kifuniko kilikaa bila kucheza hata kidogo. Kasoro nilipata moja tu: kwenye kishikio cha kifuniko palikuwa na tundu dogo, la kupitisha sindano. Nilifurahi kuliona. Nikasema moyoni, kumbe na huko wafinyanzi hulipua kazi.

Kila alasiri, akitoka shambani, alipika chai kwa namna iliyonitia hasira. Sisi chai tuliichemsha: maji, maziwa, majani, na sukari ukiwa nayo, vyote sufuriani mpaka vifure. Yeye alichemsha maji matupu kwenye birika. Akamimina kidogo ndani ya buli tupu, akayazungusha, akayamwaga. Akatia majani, yaliyojikunja kama viwavi waliokauka, akamimina maji, na kabla hujapiga chafya akayamwaga hayo pia! Maji yenye rangi na harufu, chini vumbini. Mimi nililelewa na mama aliyeweza kurudi njia nzima kwa ajili ya punje tatu za maharage, kwa hiyo mara ya kwanza nilipiga kelele.

"Hayo ni ya kuoshea majani," alisema.

Kisha akamimina tena, akasubiri kidogo, akajaza kikombe cha bati na kunywa. Majani yale yale aliyarudia mara tano, mara sita, na kila mara akiyasubiri zaidi. Aliiita oolong. Mimi niliiita chai ya Burma. Nilipoonja siku ile niliona ni maji yaliyooshewa mahindi ya kuchoma, nikatema.

Lakini shida yangu haikuwa chai. Mwanamume niliyeolewa naye alikuwa mtu wa kucheka mpaka ashike ukuta, na huyu aliyerudi hakuwa na maneno. Nikimwuliza habari za vita anasema nzuri. Nikimwuliza kama ameshiba anasema nimeshiba. Usingizini alikunja mikono kifuani kama anayeificha. Nikirudi kutoka kufinyanga, udongo mpaka viwikoni, aliniondokea njiani, akazunguka nyumba ili tusigusane. Mikono yake niliiona ina upole wakati mmoja tu wa siku, inaposhika lile buli. Sioni haya kusema nililionea wivu. Mimi, niliyefinyanga vyungu hata idadi siijui, nikaonea wivu chombo cha udongo.

Mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyenifunza kazi, aliniambia nisiwe na haraka. "Mtu wa vitani ni chungu kilichotoka motoni. Usikiguse mpaka kipoe." Nilisubiri miezi mitatu. Sijapata kuona chungu kinachochukua miezi mitatu kupoa.

Hapa lazima niseme jambo la desturi. Kwetu udongo ni wa wanawake. Mwanamume hafiki tunapouchimba, hafiki tunapofinyanga wala tunapochoma, na udongo mbichi haugusi kabisa. Akiugusa, tulifundishwa, vyungu vya mke wake havitavumilia moto tena. Atachoma na kupasua mpaka aache kazi. Wanaume wa kwetu walimwogopa chui kidogo, na hilo wakaliogopa sana. Ukipita njiani na kapu la udongo, jitu zima lenye ndevu linaruka mtaroni.

Basi, mwezi wa pili tangu arudi, nilichoma vyungu saba vikapasuka vinne. Nilifika nyumbani nikizilaani kuni na mvua. Mume wangu alisikiliza yote, akaacha chai yake ikapoa kikombeni. Wiki chache baadaye akaniambia anashuka Same kuulizia kazi ya reli.

Kazi ya reli ilikuwa na maana moja kwangu. Leo yuko Same, kesho Korogwe, mwaka kesho Tanga. Wanaume walioifuata walirudi kila Krismasi, halafu Krismasi moja wakakosa, halafu wakazoea kukosa. Nilijua akienda nimempoteza, na safari hii sitakuwa hata na vita vya kusingizia.

Akiwa huko Same, nikataka akirudi akute nimemfanyia jambo la kumfurahisha. Nikapanda kigoda, nikashusha buli, nikachungulia. Ndani lilikuwa jeusi tii! Mfinyanzi hulia gaeni, na kweli vyungu vyangu vizuri vilikwenda sokoni, lakini gae langu lilikuwa safi. Nikaona aibu ile ni yangu. Nikalisugua kwa majivu na mchanga wa mtoni, nikamalizia kwa majani ya msasa hadi likawa jekundu. Kisha nikafanya anachofanya mfinyanzi yeyote wa kwetu kwa chungu kilichosuguliwa: nikalipaka mafuta ya ng'ombe ndani na nje, nikaliegesha juu ya makaa ili liyanywe. Kidogo nikasikia tik. Ufa mwembamba ulikuwa umeshuka kutoka penye mdomo mpaka kitakoni. Nikajiambia pengine hatauona.

Alirudi na habari kwamba kazi ameipata, ataanza mwanzo wa mwezi. Akabandika birika. Chai ilitoka na macho ya mafuta juu yake, supu ya kongoro hasa, na mbwa wa jirani akaja mlangoni kuulizia. Chini ya buli palikuwa panadondoka, tone, tone.

"Nililisafisha," nikasema.

Akatazama kikombe, akanitazama mimi, na midomo yake ikachezacheza nikadhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Basi, si kitu," akatoka nje. Laiti angenifokea! Nililia, na katika machozi yale hasira ilikuwa nyingi kuliko huzuni. Nilipomaliza nikachukua kapu nikaenda kuchimba udongo.

Nilikuwa na wiki tatu. Vyungu vyetu vina mdomo mmoja mpana wa juu, unachota kwa kata. Hatukuwa na mazoea ya kutoboa ubavu na kubandika mrija. Buli la kwanza mrija ulianguka usiku ukikauka. La pili lilitoka na mrija umeinama kama mtu anayetafuta kitu chini. Vifuniko nilifinyanga vitano, kwa sababu udongo hunywea ukikauka na huwezi kujua utanywea kiasi gani, na cha nne kilikaa vizuri. Tundu la kishikio sikuliweka. Sikuwa na nia ya kuiga makosa ya mtu.

La tatu nililichoma peke yake kwa moto mdogo, likatoka zima. Nikalitenga mbele yake Jumapili moja tulipotoka kanisani. Halikuwa zuri kama lile la Burma, lilikuwa na tumbo, lakini lilikuwa buli. Akalizungusha mkononi muda mrefu. Akatia majani, akamimina maji, akaliinamisha juu ya kikombe. Chai ikaja kwa kwikwi, ikakatika, ikajimwagia pembeni ya kifuniko.

"Halina tundu," alisema.

"Lile lilikuwa kosa la aliyelifinyanga."

"Si kosa. Hewa ipite wapi? Na huu mrija umeubandika udongo ungali teketeke. Ungeuacha ushike kwanza, mpaka kidole kisiache alama, ndipo ukwaruze pande zote mbili na kupaka tope jepesi."

Kwetu hapakuwa na mwanamume aliyeyajua maneno hayo. Hata mabinti wetu hawakuambiwa mpaka waanze kazi.

"Nani amekufundisha?"

Akaiingiza mikono yake kwapani. Halafu akasema, na hayo ndiyo maneno mengi ya kwanza aliyonipa tangu arudi. Alipoumia mguu, yeye na majeruhi wenzake waliwekwa kambini karibu na mji mdogo, na pembeni ya mji palikuwa na mzee mmoja Mchina, mfinyanzi wa mabuli, nyumba yake imebomolewa nusu kwa mabomu. Mume wangu alikwenda kwake kwa ajili ya chai, kisha akawa anakwenda kwa sababu pale hapakuwa na mtu wa kufokafoka. Mzee alikuwa amewazika wanawe wote, na hakuwa na wa kumkandia udongo. Siku moja akamsogezea donge.

"Nilimkandia msimu mzima wa mvua," alisema. "Na nilijua. Kila siku nilijua ninachokifanya. Sasa nimerudi, na vyungu vyako vimepasuka vinne."

"Ndiyo maana unakwenda reli?"

"Nikiwa mbali pengine vitatoka vizima. Kazi hii ndiyo uliyo nayo, mwenzangu. Mimi naogopa hata kukushika mkono."

Nisiwadanganye, niliogopa. Mkono wangu ulijivuta nyuma kabla sijauambia kitu, naye akauona. Kisha nikamwazia akikanda udongo na magwanda yake ya askari, mguu umefungwa bendeji, akitazama huku na huku asije akaonwa na mama yake kutoka Upare, na kicheko kikanishika nikakaa chini.

"Kuni zilikuwa mbichi," nikamwambia nilipoweza.

"Vyungu vinne?"

"Kuni zilikuwa mbichi na mvua ilinyesha juma zima. Alhamisi nachoma tena. Wewe kaa hapa hapa nyumbani, usiende Same wala popote mpaka nirudi."

Alhamisi nilichoma vyungu vinane na buli jipya, hili likiwa na tundu lake kifunikoni na mrija uliobandikwa udongo ukiwa umeshika. Nilisimama pale moshi ukiniingia machoni, nikiomba kwa Mungu na kwa mabibi wote waliochoma mahali pale kabla yangu. Moto ulipolala nikavichokoa kwa mti. Buli lilikuwa zima. Vyungu sita vilikuwa vizima. Viwili vilikuwa vimepasuka, kimoja katikati kabisa.

Viwili si vingi. Mama mkwe wangu alipasua viwili, hata vitatu, kila alipochoma, na mume wake hakugusa maishani chochote zaidi ya jembe. Lakini nilijua mume wangu atavisikiaje. Vigae kwetu havitupwi, husagwa vikachanganywa na udongo mpya. Siku hiyo nilivibeba mpaka korongoni nikavitupa, nikavifunika kwa majani.

Nilimkuta amesimama mlangoni, na nadhani alikuwa hajakaa tangu asubuhi.

"Vimepasuka vingapi?"

"Hakuna."

Akanipokea mzigo. Halafu akanishika mikono yote miwili, michafu vile vile, na hakuiachia mpaka maji yalipochemka. Chai ile niliinywa mpaka maji ya sita, na sikutema. Kazi ya reli akapewa mtu mwingine.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, watoto wakaja, majani ya Burma yakaisha tukawa tunatia ya dukani. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kurudi nyumbani na chungu kilichopasuka. Ukiteremka lile korongo leo, hutapata pa kukanyaga kwa vigae.