Ng'ombe wa Kutunziwa

Nakumbuka ilikuwa saa nne na robo asubuhi, mwanangu, mwenyekiti wa kampuni yetu ndogo ya kupokea watalii aliposimama katika ukumbi wa kanisa hapa Karatu na kusoma faida ya mwaka. Wanahisa wote walipiga makofi. Mimi sikupiga.

Mwaka ule wageni walikuwa haba. Magari yaliyozoea kushusha wageni kreta kutazama wanyama yalikuwa yamelala gereji, na wapishi wa kambini walikuwa wamerudi kulima vitunguu. Faida nono hivyo ilitoka wapi? Uhasibu sikuusomea darasani. Nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, nikitoka shambani. Nikainua mkono.

"Mwenyekiti, humo mmehesabu na malipo ya awali ya wageni ambao hawajafika?"

"Hela iko benki, kaka. Kama si yetu, ni ya nani?"

Watu wakacheka. Tluway, dereva wa watalii, rafiki yangu tangu tulipochunga pamoja, akanivuta shati. "Kaa chini, profesa wa mahindi. Unatutia nuksi."

Nilikaa, nikamkumbuka marehemu baba. Nikiwa kijana nilijisifu kwa wenzangu kwamba zizi letu limejaa. Baba alinisikia, akanipeleka zizini. "Nionyeshe walio wetu." Nikaanza kuwanyooshea kidole. Sisi Wairaqw humkabidhi jamaa ng'ombe atutunzie: mtunzaji hunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Walio wetu walikuwa watatu tu. "Njaa ikibisha hodi," akasema baba, "kila mwenyewe atakuja kuchukua wake akauze. Wewe utabaki kukamua sifa?"

Ndiyo maana wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri.

Jioni ile nilimfuata Tluway nyumbani kwake. Katiba ya kampuni ilimruhusu mwanahisa kujitoa baada ya mkutano, nikamsihi tutoke pamoja, kwa kuwa humo alikuwa ameweka ada ya chuo ya binti yake.

"Toa hela zako," akasema. "Ila ukitoka, usirudi kunywa chai hapa."

Nikatoa zangu peke yangu. Haikupita miezi mingi, wageni wakaanza kufuta safari na kudai malipo yao, nayo yalikuwa yameshagawanywa kama faida. Kampuni ikafungwa. Binti wa Tluway hakwenda chuo.

Nilidhani kupatia kungenirudishia rafiki. La, mwanangu. Tluway akiniona sokoni huvuka barabara. Aliyeonya hasamehewi upesi, hasa akiwa amepatia.

Basi nisikilize. Biashara ikidorora, kisha mtu akakuletea faida iliyonona, usimwite mwizi. Muulize ng'ombe ni wa nani. Uliza mapema, uliza mbele za watu, uliza kwa adabu, hata wakicheka. Na ukishajua, rafiki yako akikufukuza mlangoni, rudi kesho yake, rudi na keshokutwa. Mimi nilikwenda mara moja, nikaona nimemaliza kazi yangu.

Mungu akujalie zizi la kwako mwenyewe, hata liwe la ndama mmoja, na mtu wa kunywa naye maziwa. Mimi niliokoa shilingi milioni mbili na laki nne, na chai nanywa peke yangu.