Sufuria ya Supu na Ulimi wa Akello

Siku ya kwanza kazini walinipa kisu na gunia la viazi. Mkahawa ulikuwa mtaa wa Bugolobi, unapika chakula cha Austria kwa namna ya kisasa, na mimi Austria sikuijua hata iko upande gani. Meneja, Bi Namutebi, aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tatu, Mengo. Akasema viazi havina neno na hilo.

Mpishi Mkuu alikuwa Bwana Florian, Mwaustria mwenyewe. Kiswahili alikiokota katika hoteli za Mombasa, nacho kikawa lugha ya jikoni, maana tulichanganyika Waganda, Wakenya na Wakongo. Nguruwe alipikwa upande wa pili, kwa vyombo vyake. Hilo nililiuliza kabla ya mshahara.

Siku moja Bwana Florian alinikuta nikijipikia chapati za maji, zile nyembamba za mayai. Akachukua moja, akaikata nyuzi nyuzi, akaimwagia supu ya ng'ombe. Kumbe kwao ni chakula cha heshima. Hapo nikahamishiwa kwenye supu.

Supu ile haitaki haraka. Unaanza na mifupa na paja la ng'ombe katika maji baridi, unaengua povu, unatia karoti. Kitunguu unakipasua na maganda yake, unakiunguza kwenye kikaango kikavu mpaka kiwe cheusi. Ndicho kinachoipa supu rangi. Moto mdogo, maji yacheze tu. Chumvi mwisho, na hapo ndipo ulimi unapofanya kazi.

Basi Ramadhani ikaingia.

"Asiyeonja hatoi sufuria jikoni kwangu," Bwana Florian aliniambia. "Rudi kwenye viazi mpaka Idi, Mama Rehema. Halafu tutaona."

Hiyo "tutaona" haikunipendeza. Sufuria ukiiacha mwezi mzima inapata mwenyewe mwingine. Shehe wetu alinieleza kwamba mpishi akihitaji anaweza kugusa kwa ncha ya ulimi, kisha akatema. Lakini nilijijua: nikigusa, nitameza.

Nikaomba Akello anionjee. Huyu alikuwa binti wa polisi kutoka kaskazini, amekulia kambini, kazi yake kuponda nyama ya shnitsel mpaka iwe bapa, kisha kuivika chenga za mkate. Mdomo wake haukujua kupumzika. Bwana Florian akakubali kwa shingo upande.

Siku hiyo Akello akaonja, akasema iko tamu. Tamu ya namna gani? Tamu tu, jaja; ndivyo alivyoniita, yaani bibi. Bwana Florian akaonja baada yake, akaimwaga yote. Akasema kesho ni mara ya mwisho.

Mchana ule nilimkalisha Akello na vikombe vya maji, kila kimoja chumvi yake, nikamuuliza inaanzia wapi mdomoni na inaishia wapi. Akachoka.

"Jaja, hii ni supu ama ni mahakama?"

Nikamwambia ni sufuria yangu. Hapo akachukua kikombe kingine.

Kesho yake akaonja, akafumba macho. "Chumvi imekuja, imepiga hodi, imekimbia."

Nikaongeza kidogo. Sasa je?

"Imekaa. Lakini mafuta imeikalia kichwani."

Nikaengua mafuta, nikasogea pembeni. Bwana Florian akanywa kijiko kimoja, akachota kingine ambacho hakikuhitajika kwa kuonja. Akamwita mhudumu achukue mabakuli.

"Viazi watamenya wengine," akaniambia.

Tangu mwaka huo kila Ramadhani tulipika hivyo, na hata nje ya Ramadhani sikuitoa supu kabla Akello hajaisemea. Magoti yaliponishinda nikastaafu, na sufuria akapewa yeye. Ninyi mnaoingia jikoni leo mna vipimo na mizani, nami navifurahia. Ila tafuteni pia mtu wa kuwaambia ukweli wa chungu chenu, mkae naye mpaka apate maneno.

Ramadhani iliyopita Akello alikuja kwangu Mengo na chupa ya moto chini ya kwapa. Nikafungua saumu kwa tende na maji, akanimiminia supu juu ya chapati za maji alizokata mwenyewe, akasimama mbele yangu kama anasubiri matokeo ya mtihani.

"Sema, jaja."

Nikanywa taratibu, natafuta kosa kama nilivyozoea. Nikatafuta tena. Nikamnyooshea bakuli aongeze.