Mama Aliyetungwa na Fidelia

Fidelia alikuwa na miaka miwili mama yake, Oktavia, alipokwenda kwao Lugarawa kujifungua mtoto wa pili. Hakurudi. Yeye na kichanga chake walizikwa huko katika kaburi moja. Baba akaoa tena, ugomvi wa msibani ukakata undugu na upande ule, na nyumbani kwao, katika kijiji kilicho jirani na misheni nje ya mji wa Njombe, jina la Oktavia halikutajwa tena. Picha yake haikuwepo hata moja.

Basi mtoto akajitengenezea mama. Alimwona mrefu, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, mtu wa kusema taratibu. Hakuna aliyemwambia hivyo. Lakini miaka ilivyokwenda alisahau kwamba alimtunga, akawa anamkumbuka. Alijifunza kutembea kama yule mama, na kunyamaza kama yeye. Alipokuwa fundi cherehani wa sare za kwaya, watu walimsifu kwa utulivu wake, naye moyoni alimshukuru Oktavia.

Aliyepata tabu ni binti yake, Stella. Huyu alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa. Akicheka, walioko shamba la pili wanageuka. Kila mara Fidelia alimwambia kwamba bibi yake hakuwa hivyo. Siku ya arobaini ya babu yake, Stella alisimulia kituko kimoja cha marehemu, waombolezaji wakacheka. Fidelia akasimama mbele yao wote.

"Bibi yako anakuona huko aliko," alisema, "na anaona aibu."

Kesho yake Stella alikusanya nguo zake akaenda Makambako kusuka nywele. Miaka minne hawakuonana.

Mwaka jana, mwezi wa saba, simu ilitoka Makambako. Mpigaji alijitambulisha kuwa Telesia, mdogo wake Oktavia. Alisema amezeeka, miguu inamsumbua, namba ameipata kwa mwanakwaya mmoja, na anataka kumwona mtoto wa dada yake angali hai. Fidelia alipanda basi siku ya pili yake. Upepo wa Makambako ulikuwa mkali. Alimkuta mama yake mdogo sebuleni, kajifunika mablanketi mawili. Walilia kwanza. Kisha Telesia akatoa picha katikati ya kitabu cha sala.

Mwanamke mfupi, mnene kidogo, mkono mmoja kiunoni, wa pili umeshika kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, kichwa kimerudi nyuma, mdomo wazi kwa kicheko.

Fidelia aliuliza huyo ni nani.

"Ndiye mama yako," Telesia alisema. "Padri alimtoa kwaya mara mbili kwa kucheka."

Fidelia alisema baadaye kwamba pale alihisi amefiwa. Yule mrefu alikuwa anaondoka, na huyu mfupi hakumjua. Kilichomtisha zaidi ni ule uso. Ulikuwa wa Stella.

Aliiomba ile picha, akaenda kwa miguu mpaka saluni ya binti yake karibu na stendi. Stella alikuwa anamsuka mteja. Alimwamkia mama yake bila kuacha kazi. Fidelia akamwekea picha mkononi na kumweleza ni ya nani. Stella aliitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo, mama, ulikuwa unanisema kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo."

"Nilimtunga mwenyewe, mwanangu. Nikakupiga naye. Nisamehe."

Stella alimaliza kichwa cha mteja, saa nzima, mama yake akisubiri kwenye benchi. Ndipo akamuuliza kama amekula.

Hawakupatana siku ile. Zilifuata simu fupi, nyingine za hasira. Lakini mwezi wa kumi na moja walikwenda Lugarawa pamoja na Telesia. Makaburini, Telesia, akiwa ameshikwa mkono, alisimama mbele ya matuta mawili yasiyo na misalaba, yaliyomezwa na nyasi, akakiri kwamba hakumbuki dada yake yuko katika lipi.

Stella alichukua jembe. Mama yake akapiga magoti, akang'oa nyasi kwa mikono. Waliyasafisha yote mawili.