Shangazi Rufaa na Droo ya Barua za Hasira

Saa moja na robo asubuhi, mlango wa chumba namba kumi na tisa bado umefungwa, lakini foleni imeshakata kona na kufika vyooni. Wa kwanza amekalia ndoo. Wa pili anabishana na simu yake. Wa tatu ana uso wa mtu aliyemeza ndimu na mbegu zake.

Anatokea mwanamke mfupi, mkoba begani, chupa ya chai kwapani, mafaili mikononi, na funguo kazibana kwa meno.

"Shikamoo, Shangazi!" foleni inaamkia.

Anatema funguo juu ya mafaili. "Marahaba. Mmelala hapa au mmezaliwa hapa? Nani ana jambo la leo leo?"

Mikono yote inapanda.

"Nimesema la leo leo, siyo la roho juu."

Mikono minne inashuka kwa aibu.

Huyu ndiye Shangazi Rufaa. Kitambulisho chake kina jina lingine, ila hata mlinzi wa getini ameshalisahau. Kazi yake ni kuwatetea na kuwasaidia wanafunzi wa chuo: aliyezuiliwa matokeo, aliyefiwa katikati ya mitihani, aliyekosana na mhadhiri, na yule asiye na kesi yoyote ila amekumbuka nyumbani. Mwaka jana aliwapokea mia mbili na kumi na wawili.

"Wa kukumbuka nyumbani ndiye mgumu kuliko wote," anasema akifungua mlango kwa goti. "Kesi ina fomu. Upweke hauna fomu."

Ofisi yake zamani ilikuwa stoo ya mifagio. Ukikaa, magoti yanagonga meza. Ukinyoosha mguu, umeshatoka nje. Viti viko viwili, na vyote vimewekwa upande mmoja wa meza.

"Mtoto wa watu ameshasimamishwa mbele ya meza nyingi," anaeleza. "Hapa anakaa pembeni yangu, meza tunaitazama wote."

Kisha kuna utaratibu wake wa barua tatu, unaojulikana chuo kizima. Mwenye kesi haandiki rufaa moja kwa moja. Kwanza anaandika barua ya hasira: atukane, alalamike, amtaje kila mtu na mjomba wake. Ya pili ni ya machozi. Ya tatu ndiyo inayopelekwa: tarehe, saa, ushahidi, na asante mwishoni. Mbili za mwanzo huishia droo ya chini, isiyo na kufuli ila ina heshima zake. Shangazi mwenyewe alikuwa hazisomi. "Niliona ni kama mate ya mtu," anasema. "Yakishatemwa, huyachunguzi."

Yote hayo aliyajua kwa kupigwa na maisha. Miaka kumi na minane iliyopita alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mama yake aliugua, akamuuguza, mtihani ukampita, jina likafutwa. Kulikuwa na fomu ya rufaa yenye muda wa siku kumi na nne. Habari za fomu hiyo alizipata siku ya kumi na sita.

"Na aliyeniambia alikuwa mfagiaji wa ukumbi," anasema, akicheka mpaka chai inamwagika. "Wasomi wote wale, kumbe mwenye habari ni mwenye ufagio! Ndiyo maana nilipoonyeshwa stoo ya mifagio kuwa ndiyo ofisi yangu, nikajua nimefika kwa wenyewe."

Alirudi darasani baada ya miaka sita, masomo ya jioni, mtoto mgongoni. Leo ana shahada na mshahara ambao, kwa maneno yake, hufika tarehe ishirini ukichechemea. Mumewe, fundi cherehani, ana malalamiko yake.

"Nilioa mke mmoja, nikapata watoto elfu mbili."

"Na nani amekuletea wateja wa suruali?" mkewe anamjibu.

"Wateja gani? Wote wanataka bei ya shemeji!"

Lakini ukitaka kumwona Shangazi akifunika uso kwa mikono miwili, mkumbushe habari za mwezi uliopita.

Alikuja kijana mrefu wa mwaka wa mwisho. Kiatu cha kushoto kilikuwa na kamba ya njano iliyokoza. Cha kulia kimefungwa kwa uzi wa katani. Shangazi aliona, akadhani ni ukata, akanyamaza asimwaibishe.

Kesi yake ilikuwa nzito. Daftari la mahudhurio lilionyesha amefanya mtihani, lakini kijitabu chake cha majibu hakikuonekana. Ikahesabiwa kwamba alitoka nacho ukumbini, na adhabu yake ni kufutwa masomo. Kamati ya rufaa ingekaa Alhamisi. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu, na mama yake alishaanza kugombana na dada zake juu ya nani atakaa mstari wa mbele siku ya mahafali.

Kijana akaandika barua zake tatu. Ya mwisho ilikuwa safi kama shuka la wageni. Ilisema tu: "Nilikabidhi kijitabu changu kwa msimamizi." Jumatano Shangazi akaitia kwenye bahasha, foleni ikimpigia kelele mlangoni, akaipeleka mwenyewe kwa katibu wa kamati.

Alhamisi asubuhi akavuta droo ya chini. Juu kabisa, imelala kwa adabu zake zote, ilikuwa barua safi.

"Damu iliniganda mpaka visiginoni," anasimulia. "Nikajua kamati imepelekewa matusi."

Alikimbia. Wanaomfahamu wanasema hawajawahi kumwona akikimbia, na walioona wanasema afadhali wasingeona. Alipofika, kikao kilikuwa kimeanza. Mwenyekiti, profesa mwenye miwani mizito anayesemekana hajacheka tangu chuo kijengwe, alikuwa akisoma kwa sauti.

"'...na huyo msimamizi wenu anayekoroma kama trekta inayokataa kuwaka...'"

Kijana alikuwa anaikagua dari, kama mtu anayetafuta pa kupandia.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Shangazi akahema, "kosa ni langu. Hiyo ni barua ya droo."

"Ya nini?"

"Ya hasira. Ya adabu ninayo hapa."

"Kaa chini, mama. Za adabu nimezisoma miaka thelathini. Hii ndiyo ya kwanza kuniweka macho." Akaendelea. "'Mtihani ulipokwisha, msimamizi hana hata kamba ya kufungia vijitabu vya wale wa kozi ya pili waliokaa nasi ukumbini. Akaniomba mimi. Nikaweka kijitabu changu mezani kwake, nikavua kamba ya kiatu changu, nikamfungia mzigo kwa mikono yangu, mafundo mawili! Leo mnaniita mwizi wa karatasi. Mwizi ni nani hapa? Nirudishieni kamba yangu!'"

Vichwa vyote vikainama kutazama viatu vya kijana.

"Hiyo kamba," akauliza mwenyekiti polepole, "ilikuwa rangi gani?"

"Njano, Profesa. Kama hii ya kushoto."

"Na mbona hili halimo kwenye barua ya adabu?"

Kijana akamtazama Shangazi. "Niliambiwa nitoe mapambo, nibakize ushahidi. Nikaona kiatu ni pambo."

Karani akatumwa stoo ya mitihani. Dakika arobaini Shangazi alikaa akihesabu vigae vya sakafu. Karani akarudi amekumbatia mzigo wa kozi ile ya pili, ambao haukuwa umesahihishwa kwa kuwa mhadhiri wake yuko likizo ya uzazi. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya kiatu, njano, mafundo mawili. Wakaufungua. Cha tatu kutoka juu, katikati ya vijitabu vya watu wengine, kilikuwa cha kijana.

Mwenyekiti akavua miwani. "Kijana, umejifunga mwenyewe, kwa kamba yako mwenyewe."

Kisha akacheka. Waliokuwepo wanasema kicheko kilitoka na vumbi.

Kijitabu kilisahihishwa, kijana alipata alama sitini na moja. Adhabu aliyobakiziwa ni kumwandikia msimamizi barua ya kuomba radhi kwa sababu ya ile trekta. "Hiyo tulianzia ya tatu moja kwa moja," anasema Shangazi.

Tangu siku hiyo anasoma kila barua ya hasira, kalamu nyekundu mkononi, kabla haijaingia droo. "Miaka yote nilikuwa napepeta, natupa mchele nabakiza pumba," anasema, na safari hii hacheki sana. "Wangapi kamba zao zimelala humu ndani, mimi sijui?" Ameshaanza kuzipitia za zamani, barua tano kila siku kabla ya kwenda nyumbani. Rufaa mbili amezifungua upya.

Mpango wake sasa ni kila hosteli kati ya kumi na mbili iwe na mwanafunzi mmoja aliyefundishwa haki, fomu na siku za mwisho, ili asiwepo atakayesikia habari siku ya kumi na sita. Saba wameshapatikana. Wa kwanza kujitolea ni kijana mrefu, ambaye chuo kizima sasa kinamwita Kamba.

Ndiye huyo anayepita kwenye foleni akigawa karatasi tupu. Anachungulia ndani, kwenye mpini wa droo ya chini, ambako kamba ya njano imefungwa.

"Shangazi, mali yangu narudishiwa lini?"

"Siku ya mahafali. Nitapiga magoti nikufunge mwenyewe, kiatu cha kulia, mama yako akiona."

"Mafundo mawili?"

"Mawili. Haya, toka mlangoni, unaniletea giza." Anageukia foleni na kumwita yule wa tatu, mwenye uso wa ndimu. "Ingia, baba. Kaa hapa pembeni yangu. Karatasi hii, kalamu hii. Kasirika mpaka utosheke, na usiache kitu, hata kiatu."